Meno yangu, chemchemi ya kogo na handaki la Kuresoi

Kila nikiweka video nikicheka, lazima msee mmoja aulize kama huwa napiga mswaki na strungi. Nimezoea. Meno yangu ya mbele yana mistari ya kahawia tangu yaote, na kama umekulia Nakuru unajua tuko wengi. Darasani kwetu shule ya msingi, mtoto akiingia na meno meupe pee, tulijua tu huyu amehamia juzi.

Kilichonisumbua ni mabinamu zangu wa Kuresoi. Desemba tukipanda kwa kogo, wote wanacheka na meno kama ya tangazo la dawa ya meno. Kogo ni mmoja, maziwa ni yale yale, mursik ni ile ile. Sukari hata wao ndio walikuwa wanaimaliza. Siku moja nikamuuliza kogo mwenyewe, akiwa anakamua. Hakusita hata kidogo. "Nyinyi wa tauni mnakunywa mawe," akasema, akaendelea na ng'ombe wake.

Nikadhani ananichokoza. Kumbe alikuwa amenipa somo la jiolojia kwa sentensi moja, bure.

Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, Menengai juu yake, ziwa la magadi chini yake. Miamba yote hapa imetoka kwa volkeno, na miamba ya aina hii ina floridi nyingi. Maji ya mvua yakizama yanakaa huko chini miaka mingi, mahali pengine yakipashwa moto, yakiendelea kuchota floridi kutoka kwa jiwe. Kwingine duniani kalsiamu ingeikamata hiyo floridi ikabaki chini kama chumvi ngumu. Kwetu kalsiamu ni kidogo, kwa hivyo floridi inapanda na maji mpaka kwa bomba. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasipite miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Visima vingi vya mashine vya Nakuru vinapita hapo. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, jino linaharibika ndani kabla hata halijachomoza. Mswaki haufiki huko, wasee. Wacheni maswali.

Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilitengeneza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Inakaa uchawi mpaka uelewe: mfupa unapenda floridi, ndio maana meno yangu yako hivi, kwa hivyo unaweka mfupa wa ng'ombe mbele ushike floridi kabla haijafika kwa mfupa wako. Mimi hicho kichujio nilikiona nikiwa tayari na meno ya ukubwani.

Sasa ukielewa hiyo, utaelewa kwa nini Nakuru kila mara inaangalia mlimani. Maji ya juu, ya mito na chemchemi za misitu, hayajakaa na jiwe muda mrefu, hayana floridi nyingi. Tayari kwa miongo tunakunywa maji ya Turasha, mto ambao kwa asili yake unaelekea Malewa na Ziwa Naivasha. Hayo ni maji ya bonde lingine yaliyoletwa kwetu na bomba. Halafu mji ukaendelea kukua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 570,000 mjini, na Desemba 2021 tukapewa hati ya jiji, watu wakapiga picha, mifereji ikabaki mikavu siku tatu kwa wiki huko mitaani kwetu.

Na hapo ndipo Kuresoi inaingia.

Watu wengi wakiongea kuhusu Bwawa la Itare wanaanza hadithi na Waitaliano. Mimi nafikiri ukianzia hapo umeshapotea. Anza na mlima.

Chukua Mau kama paa la nyumba ambalo fundi alilikosea. Upande wa mashariki, wa Nakuru, paa limekatika: ardhi ilipasuka kwenye nyufa za bonde ikashuka kwa ngazi kali. Upande wa magharibi, paa linateremka polepole kilomita nyingi mpaka Ziwa Victoria. Juu pale kwenye mgongo, mvua inaamua maisha yake. Tone likianguka upande mmoja linaingia Mto Njoro na kuishia Ziwa Nakuru, au linaingia Mto Molo na kuelekea Baringo. Likianguka ng'ambo, linaingia Itare, linafika Sondu, linaingia Victoria, na hatimaye linaona Misri. Kuresoi iko ng'ambo. Maji ambayo kogo amemwaga baada ya kuosha vyombo yana nafasi ya kufika Cairo. Ya kwangu hayatoki nje ya kaunti.

Paa lenyewe halikujengwa na jiwe moja. Ni tabaka juu ya tabaka, kama chapati kwenye sahani: majivu ya volkeno, majivu mengine yaliyoanguka yakiwa moto yakashikana kuwa jiwe gumu, lava, halafu katikati udongo wa kale uliokuwa juu ya ardhi kabla mlipuko mwingine kuuzika. Majivu laini yanakunywa maji kama sifongo. Tabaka gumu au la udongo mzito linakataa. Maji yakikataliwa kwenda chini yanatembea kando, na pale ambapo kilima kimekatwa na bonde, yanatoka. Hiyo ndiyo chemchemi. Ile chupa ya maji inaitwa Keringet ambayo umeiona kwa kila harusi imepewa jina la mahali huko Kuresoi. Sisi tunalinunua jina hilo dukani. Mabinamu zangu wanaogea maji ya kule kule.

Lakini hii mashine inahitaji kitu kimoja, muda. Mvua ikipiga ardhi iliyo wazi inakimbia juu, inabeba majivu, mto unakuwa chai ya maziwa na baada ya wiki mbili umekauka. Msitu unaipunguza kasi mvua, udongo unapata nafasi ya kunywa. Kwa hivyo serikali, kila serikali, imekuwa na sababu nzuri ya kusema Mau lazima ilindwe kwa ajili ya maji. Shida ni kile kinachofanyika kwa watu baada ya hiyo sentensi kutamkwa.

Waogiek walikuwa msituni kabla ya wote. Tume ya Ardhi ya wakoloni, ile ya Carter, ilitoa ripoti mwaka 1934 ikapendekeza watolewe msituni wakaishi na makabila mengine. Kuanzia 1941 wakoloni walipeleka familia za Wakikuyu waliotolewa kwenye mashamba ya walowezi pale Olenguruone, ambayo leo iko Kuresoi Kusini. Wakaambiwa watalima kwa masharti ya serikali, moja ya sababu ikiwa kuhifadhi udongo. Wakakataa masharti, wakala kiapo, na kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengine wakapelekwa mpaka Yatta. Wanahistoria wengi wanakihesabu kiapo cha Olenguruone kati ya mizizi ya Mau Mau. Hiyo hadithi nilifundishwa shuleni kama jina la kukariri tu, mwalimu hakusema ni pale tunapopita na matatu tukienda kwa kogo.

Halafu tukajitawala, na mambo yakageuka kichwa chini. Mwaka 2001 serikali yenyewe iliyokuwa ikilinda msitu ikaukata kwenye karatasi: zaidi ya hekta 61,000 za Mau zikaondolewa kwenye msitu wa serikali, sehemu kubwa ikiwa Mau Mashariki na Mau Kusini Magharibi. Ilisemwa ni kwa ajili ya Waogiek na watu wasio na ardhi. Wengi waliopata walikuwa wengine kabisa, na baadhi walikuwa na ardhi ya kutosha kwingine. Miaka minane baadaye, 2009, jopokazi likasema maji yanaisha, na mwisho wa mwaka familia zikatolewa Mau Kusini Magharibi, zikalala kando ya barabara kwenye baridi ambayo wewe wa Mombasa usijaribu kuifikiria. Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha ikaamua kesi ya Waogiek. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba iliwatoa ili kulinda msitu. Mahakama ikasema hiyo sababu haitoshi.

Mwaka huo huo wa 2017, Itare ikazinduliwa.

Mpango ulikuwa huu. Bwawa la urefu wa takriban mita 57 kwenye Mto Itare. Maji yasiteremke kwenda Sondu, bali yaingie kwenye handaki la kilomita 14.5 lililochimbwa ndani ya mgongo wa Mau, yatokee upande wetu, yashuke yenyewe kwa mabomba mpaka Molo, Njoro, Rongai na Nakuru. Mita za ujazo 100,000 kila siku. Nikiibadilisha kwa lugha ya nyumbani, hiyo ni mitungi milioni tano ya lita 20 kila siku. Gharama iliyotajwa ilikuwa kama shilingi bilioni 38.

Nitakuwa mkweli: ukiniuliza kama ninayataka hayo maji, ninayataka. Nina mpwa wa miaka miwili Kaptembwo na meno yake ya ukubwani yanajengeka sasa hivi.

Halafu ukaja 2018, mwaka ambao ardhi ya huku kwetu ilikuwa inaongea. Mwezi wa tatu barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatwa na ule ufa wa Suswa, dunia nzima ikaandika kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengi waliofika pale walisema jambo dogo na muhimu zaidi: kulikuwa na mkondo wa kale uliojaa majivu ya volkeno, mvua ikayaosha kutoka chini, juu pakaporomoka. Majivu ni yale yale niliyowaambia. Tarehe 9 Mei, bwawa la shamba huko Solai likapasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Na kabla mwaka kuisha, kazi ya Itare ikasimama. CMC di Ravenna, kampuni ya Italia iliyokuwa inajenga, iliishiwa, na mwezi wa kumi na mbili ikaomba mahakama ya kwao kinga dhidi ya wanaoidai. Kilichobaki Kuresoi ni udongo mwekundu uliochimbuliwa na kimya.

Machi 2023, Rais Sergio Mattarella wa Italia alipozuru Nairobi, mabwawa yaliyokwama yakazungumziwa tena, Itare ikiwa mojawapo. Kwa hivyo msinione nachimbua makaburi. Hii kitu inaweza kurudi wakati wowote, na ikirudi ningependa tuulize swali ambalo sikulisikia likiulizwa kwa sauti mara ya kwanza. Watu wanaoteremkiwa na mto waliuliza lao, na wana haki: stesheni ya umeme ya Sondu Miriu, megawati 60, inategemea mto huo bila bwawa kubwa la kuhifadhia, na wavuvi na wakulima wa kule chini wanausubiri huo huo. Bishana nao ukitaka. Mimi nauliza kuhusu kilicho juu ya handaki.

Handaki la kilomita 14 ndani ya zile chapati litatoboa matabaka kadhaa, na kila tabaka linalobeba maji likitobolewa linapata njia rahisi ya kutokea. Maji hayana uaminifu kwa chemchemi ya mtu. Yakipata shimo hapo chini yanashuka.

Wanaojua hii habari vizuri ni watu wa migodi ya makaa ya mawe. Kuresoi haina makaa, mawe yetu ni ya moto wa juzi tu kijiolojia. Ukitaka makaa ya Kenya nenda bonde la Mui, Kitui. Lakini angalia kusini ya Sydney, Australia. Huko wanachimba makaa chini ya eneo ambalo ndilo linalokusanya maji ya kunywa ya jiji. Mashine inatoa mkaa wote kwenye ukanda mpana, inasonga mbele, na dari nyuma yake inaachwa iporomoke. Mwamba wa juu unashuka kidogo na kupasuka. Mto mmoja unaoitwa Waratah Rivulet, juu ya mgodi karibu na Helensburgh, ulipasuka sakafu, na sehemu ambazo watu walizoea kuona vidimbwi vya maji safi zikabaki mwamba mkavu, maji yakipita chini na mengine yakitokea mbele yakiwa na kutu. Handaki la maji ni jembamba kuliko mgodi, na unaweza kulizungushia zege lisivuje. Kwa hivyo sisemi Kuresoi itakuwa hivyo. Nasema wale wasee walikuwa na vipimo vya mto kabla mgodi haujafika, ndiyo maana waliweza kubishana na kampuni kwa namba.

Hapa kwetu tuna mfano wa Murang'a. Handaki la Northern Collector, kilomita 11.8, linalopeleka maji ya mito ya Aberdare kwenye bwawa la Ndakaini kwa ajili ya Nairobi. Mwaka 2016 Raila alisema Murang'a itakuwa jangwa, serikali ikajibu kwamba yatachukuliwa maji ya mafuriko tu, na kwa miezi Wakenya walipigana kwa mdomo. Ukiwa mkulima chini ya lile handaki ungejuaje nani anasema ukweli? Mto wako ukipungua, mmoja atakwambia ni handaki, mwingine atakwambia ni ukame, na wote wawili hawana daftari la mto wako.

Na kuna tetemeko pia. Januari 1928 Subukia ilitikiswa na tetemeko la takriban 6.9, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Kenya, kwenye ukuta wa pili wa bonde hili hili. Najua wahandisi wanalijua. Ningependa tu tuone waliandika nini.

Msimamo wangu, kwa sababu najua mtaniuliza: maji yaje, lakini kabla ya mashine kurudi, kila chemchemi kando ya njia ya handaki ipimwe kwa miaka, mvua na kiangazi, na namba zibandikwe ofisi ya chifu ambapo hata kogo anaweza kutuma mjukuu akasome. Na bomba la kwanza lifunguliwe Kuresoi. Nimeona akina mama wa huko wakibeba mitungi mgongoni kando ya barabara iliyojengwa kwa ajili ya bwawa.

Desemba iliyopita nilianza na ya kwetu. Chemchemi ya kogo inatoka chini ya jiwe la kijivu kwenye mteremko wa chai, mtu wa zamani aliingiza kipande cha bomba, ndio mfereji. Nikaweka mtungi wa lita 20, nikawasha saa ya simu. Kogo akasimama pale na shuka lake akiniangalia kama nimepotelewa na akili. "Mjukuu wangu, hayo maji hayajawahi kuhesabiwa." Nikamwambia ndiyo shida yenyewe. Akacheka, akaniambia nipime tena, mara ya kwanza nilichelewa kubonyeza.

Sekunde 34. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu lita kwa sekunde. Februari, kiangazi kikiwa kimekolea, binamu yangu akapima kwa bomba lile lile na mtungi ule ule: sekunde 52. Hakuna handaki, hakuna mashine, ni jua tu, na tayari maji yamepungua kwa theluthi moja. Mtu akija kupima siku moja tu ya Desemba na kuandika ripoti, atakuwa ameandika Desemba.

Kama una kogo, guka, shosh au mtu yeyote anayechota maji kuanzia Ndoinet mpaka upande wa Elburgon, unahitaji mtungi na simu. Pima mahali pamoja, andika tarehe, andika kama kulikuwa na mvua wiki hiyo. Binamu yangu anasema atapima tena Aprili mvua ikianza, na kogo ameshamwambia asisahau kubonyeza mapema.